Kabla Hujashika Bureti

Makala haya nayaandika kwa mwanafunzi anayekaribia kuingia maabara ya kemia kwa mara ya kwanza, awe wa kidato cha tatu katika shule ya kata, au wa mwaka wa kwanza chuoni ambaye huko alikotoka maabara ilikuwa chumba chenye kufuli. Darasani umeshasoma kwamba asidi ikikutana na besi hupatikana chumvi na maji. Umeandika mlinganyo wake, umeusawazisha, umepata vema. Maabara haitakuuliza hilo tena. Itakuuliza umeona nini kwa jicho lako mwenyewe, na utaandika nini pale ulichokiona kinapokuwa tofauti na kilichomo kitabuni.

Hilo ndilo sharti la kwanza la maabara, na kwa maoni yangu ndilo linalobeba mengine yote: andika ulichokiona. Usiandike ulichotarajia, wala alichoandika jirani yako, wala kile unachodhani mwalimu anakitaka. Tahadhari za usalama, usafi wa vyombo, namna ya kusoma kipimo na namna ya kujaza jedwali, vyote vimewekwa ili ulichokiona kiwe cha kuaminika. Ukizijua sababu zake, hutahitaji kuzikariri.

Kazi ya maabara huanza jana yake. Pata karatasi ya maelekezo mapema, uisome hadi mwisho, kisha ifunike na ujieleze mwenyewe kwa Kiswahili utakachofanya: nitapima nini, nitachanganya na nini, nitaangalia nini kibadilike. Ukikwama mahali, hapo ndipo pa kumuuliza mwalimu kabla kipindi hakijaanza. Chora jedwali la matokeo nyumbani, likiwa na vichwa vyake na vizio vyake, liwe linasubiri namba tu. Fanya pia hesabu za maandalizi. Kwa mfano, ukiambiwa utengeneze 250 cm³ za mmumunyo wa sodiamu kaboneti wenye moli 0.1 kwa lita, uzito wa moli moja ni gramu 106, kwa hiyo utahitaji gramu 2.65. Ukifika mezani ukiwa na namba hiyo kichwani, utakuwa na muda wa kuangalia mizani vizuri. Anayeanza kutafuta kikokotoo wakati wenzake wameshapima ndiye huyo huyo ambaye dakika za mwisho utamkuta akinakili.

Kuhusu mavazi sitasema mengi, ila nitakueleza kisa kimoja. Tarehe 29 Desemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, msaidizi wa utafiti aitwaye Sheri Sangji alikuwa akihamisha kwa bomba la sindano kemikali inayowaka yenyewe ikigusana na hewa. Bomba liliachana, kemikali ikamwagika, moto ukashika fulana yake nzito ya nyuzi za plastiki. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki Januari 2009, akiwa na miaka 23. Wewe hutapewa kemikali ya aina ile, lakini utapewa ethanoli na moto katika chumba kimoja, na nguo za nailoni na poliesta huyeyuka zikagandamana na ngozi. Vaa koti la pamba, lifungwe vifungo vyote. Viatu viwe vya kufunika mguu. Kandambili ziache bwenini. Nywele ndefu zifungwe nyuma. Binti anayevaa ushungi achague wa pamba, na ncha zake azichomeke ndani ya koti ili zisining'inie juu ya moto. Miwani ya kinga ivaliwe muda wote ambao mtu yeyote mezani pako anafanya kazi, hata kama wewe umeshamaliza, kwa kuwa testityubu ya jirani haichagui jicho. Robert Bunsen, ambaye jina lake tunalitaja kila tunapowasha kichomeo, alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja baada ya mlipuko wa maabara.

Sasa tahadhari zenyewe. Kwanza, asidi iliyokolea humiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Kamwe maji hayamiminwi ndani ya asidi. Asidi salfuriki iliyokolea ni nzito karibu mara mbili ya maji, na inapokutana na maji hutoa joto kali. Ukimwaga maji juu yake, yale maji machache hubaki juu, huchemka ghafla na kuruka pamoja na asidi, kama mafuta ya kukaangia mandazi yanapodondokewa na maji. Ukifanya kinyume chake, maji mengi yaliyo chini hulimeza lile joto.

Pili, usiidharau besi. Wanafunzi wengi huiogopa asidi na kuichezea haidroksaidi ya sodiamu, ile ambayo watengeneza sabuni huiita kostiki. Ndani ya jicho, besi hii ni ya hatari kuliko asidi nyingi, kwa sababu huyeyusha mafuta na protini za jicho na kuzidi kupenya ndani. Ikikurukia, usisubiri kusikia maumivu. Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali hata kama unajisikia nafuu. Ndiyo maana nawashauri wanafunzi wa shule ambazo maji hukatika: kabla ya jaribio kuanza, fungua koki uone. Kama bomba ni kavu, mwambieni mwalimu, na ndoo za maji safi ziletwe ndani kabla chupa yoyote haijafunguliwa. Maabara isiyo na maji siku hiyo haifai kwa jaribio la asidi wala besi, na mwanafunzi anayelisema hilo kwa adabu anafanya jambo la maana.

Mengine nayapitia haraka. Usinyonye pipeti kwa mdomo. Tumia mpira wake. Usinuse kemikali kwa kuweka pua juu ya chupa, bali upepee mvuke kwa kiganja uje kwako kidogo. Testityubu inayopashwa moto uielekeze pasipo na mtu, nawe uitikisetikise taratibu ili kimiminika kisiruke. Ethanoli haipashwi moto juu ya mwali ulio wazi, bali testityubu yake huwekwa ndani ya maji ya moto. Kioo cha moto hakina tofauti kwa macho na kioo cha baridi, kwa hiyo kikaribie kwa mgongo wa mkono kabla ya kukishika. Kama una pumu, mwambie mwalimu mapema, hasa siku ya lile jaribio la sodiamu thiosalfeti na asidi haidrokloriki, ambamo alama ya msalaba hupotea polepole chini ya bikari: gesi ya salfa dayoksaidi inayotoka humo huweza kukubana kifua. Siku hiyo madirisha yafunguliwe, nawe ukae karibu nayo.

Nataka tukae zaidi kwenye taitresheni, maana ndiyo jaribio ambalo karibu kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki hukutana nalo kwenye mtihani.

Anza na kuosha. Bureti huoshwa kwa maji, kisha husuuzwa kwa ile asidi itakayowekwa ndani yake. Pipeti husuuzwa kwa besi itakayoipima. Flaski koni husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa peke yake. Watu hukariri mpangilio huu bila kujua sababu, halafu siku ya mtihani wanauchanganya. Matone ya maji yakibaki ndani ya bureti, asidi yako itazimuliwa, utatumia nyingi kuliko inavyostahili, na jibu la ukolevu wa besi litatoka kubwa mno. Lakini flaski koni ukiisuuza kwa besi, utakuwa umeongeza besi ambayo pipeti haikuipima. Maji yaliyobaki ndani ya flaski hayana neno, kwa kuwa kiasi cha besi kimeshapimwa na pipeti. Maji huitawanya tu, hayaiongezi wala kuipunguza. Ukiwa umeelewa hapo, hutakosea hata ukiamshwa usiku wa manane.

Jaza bureti kwa faneli, kisha uiondoe faneli. Ikibaki juu itadondosha tone wakati wewe umeinamia flaski, na namba yako itakuwa imeharibika bila wewe kujua. Fungua koki kidogo ili kiputo cha hewa kilichojificha kwenye ncha kitoke. Halafu usome. Ndani ya bureti uso wa kimiminika hubonyea katikati. Soma sehemu ya chini ya huo mbonyeo, jicho likiwa usawa mmoja nao. Kama bureti iko juu, panda juu ya kigoda au uishushe kwenye kibanio chake. Karatasi nyeupe nyuma ya bureti hukusaidia kuona vizuri. Andika desimali mbili, ya mwisho ikiwa 0 au 5: 24.50, siyo 24.5. Bureti ina mistari ya kila 0.1 cm³, na jicho zuri linaweza kuikata nafasi hiyo nusu. Ukiandika 24.50 unamwambia msomaji kwamba umeangalia kwa kiwango hicho.

Pipeti nayo ina adabu yake. Ikiisha kumwaga 25 cm³, tone dogo hubaki kwenye ncha. Usilipulize. Gusisha ncha kwenye ukuta wa flaski, subiri sekunde chache, uondoe. Waliotengeneza pipeti walilihesabu tone hilo kuwa litabaki.

Tia matone mawili au matatu ya kiashiria, yasizidi. Mwanafunzi anayemimina kiashiria kingi ili "rangi ionekane vizuri" hujiharibia mwenyewe, kwa kuwa kiashiria nacho hutumia asidi au besi kidogo ili kubadilika. Na chagua kiashiria kwa sababu. Ukipima sodiamu kaboneti kwa asidi haidrokloriki huku ukitumia fenolfthalini, rangi ya waridi itapotea ukiwa nusu ya safari, kaboneti ikiwa imegeuka baikaboneti tu. Methili oranji ndiyo itakayokufikisha mwisho, kutoka njano hadi rangi ya chungwa. Ikifika nyekundu, umepitiliza.

Mara ya kwanza fungulia asidi bila woga ili ujue mwisho uko wapi, tuseme 25.10. Mara ya pili fungulia haraka hadi karibu 23, kisha punguza. Mkono wa kushoto uko kwenye koki, wa kulia unazungusha flaski juu ya kigae cheupe. Kila tone likianguka utaona doa la rangi linazuka na kuyeyuka. Doa likianza kuchelewa kuyeyuka, ujue umekaribia: sasa ni tone moja, zungusha, angalia, tone moja, zungusha, angalia. Tone moja ni takribani 0.05 cm³. Tena unaweza kutoa nusu ya tone kwa kuliacha lining'inie kwenye ncha, ukaligusisha kwenye ukuta wa flaski na kuliteremsha kwa maji kidogo. Rangi inapobadilika kwa tone moja na kubaki, funga. Rudia hadi upate namba zinazokaribiana, kama 24.50, 24.60 na 24.50. Ile 25.10 ya majaribio haiingii kwenye wastani, ila ibaki ndani ya jedwali, kwa kuwa ni kweli uliipima.

Uchambuzi wa chumvi unadai subira ya namna nyingine. Hapa kosa kubwa ni kumimina. Umeambiwa uongeze amonia tone kwa tone hadi izidi. Wewe unamimina nusu ya testityubu kwa mara moja, unaona maji maangavu, unaandika "hakuna mabadiliko". Kumbe chumvi ilikuwa na zinki. Mashapo meupe yalitokea kwenye tone la pili na kuyeyuka kwenye la kumi, nawe hukuyaona. Zinki, aluminiamu na risasi zote hutoa mashapo meupe kwa haidroksaidi ya sodiamu, na yote huyeyuka ikizidi. Amonia ndiyo inayoanza kuzitenganisha, kwani kwa amonia iliyozidi ni zinki tu inayoyeyuka. Zikibaki mbili, matone machache ya potasiamu aidaodi yatakuonyesha risasi kwa mashapo ya njano. Ona jinsi majibu yote yalivyo kwenye tofauti ya "huyeyuka" na "hayayeyuki". Ndiyo maana mtahini anataka uandike hatua zote mbili: kilichotokea kwa matone machache, na kilichotokea yalipozidi. Na rangi uitaje kwa jina lake. Mmumunyo usio na rangi hauitwi mweupe. Maziwa ni meupe, maji hayana rangi. Mara nyingi mwanafunzi anayekosa alama hapa huwa aliona sawasawa, akaandika ovyo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Katika shule nyingi, bureti moja huzungukwa na wanafunzi sita, saba, nane. Mmoja mwenye mikono myepesi, mara nyingi mvulana anayependa kuongoza, hufanya kila kitu, mwingine huandika, waliobaki huchungulia mabegani. Wakirudi bwenini, wote wana matokeo yale yale kwenye madaftari, lakini aliyejifunza ni mmoja. Siku ya mtihani kila mtu anasimama peke yake mbele ya bureti yake. Nchini Kenya, karatasi ya tatu ya kemia ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ambayo ni ya vitendo, ina alama 40, na hakuna mwenzako atakayekushikia koki. Kwa hiyo kubalianeni kabla ya kuanza: kila mzunguko wa taitresheni ushikwe na mtu mwingine. Asiyewahi kushika aanze. Kama wewe ndiye hodari, rudi nyuma, weka mikono mfukoni, mwelekeze mwenzako kwa maneno. Na wewe binti unayesukumwa kwenye kazi ya kuandika kwa sababu una mwandiko mzuri, kataa kwa upole lakini ukatae. Mwandiko utautumia mkishamaliza kupima.

Daftari la maabara liandikwe kwa wino, hapo hapo mezani. Usiandike kwenye kiganja wala kwenye kipande cha karatasi ukanukuu baadaye. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili namba ya kwanza iendelee kusomeka, kisha andika sahihi pembeni. Usifute, usipake rangi nyeupe. Inawezekana kabisa kwamba ile namba uliyoikata ndiyo iliyokuwa sahihi.

Na usipike data. Najua inavyokuwa: kundi la meza ya mbele limepata 24.50, ninyi mmepata 26.20, kengele imebaki dakika kumi, na mtu ananong'ona "tuandike 24.55 tu". Mkifanya hivyo mtapata vema na mtabaki hamjui kwamba bureti yenu ilikuwa na maji ndani. Andikeni 26.20, kisha kaeni mfikiri ilikuwaje. Hapo usiandike kwenye ripoti yako "makosa ya kibinadamu". Maneno hayo hayaelezi kitu. Sema kosa gani, lilitokea wapi, na lingelisukuma jibu juu au chini. "Bureti haikusuuzwa kwa asidi, hivyo asidi ilizimuliwa na ujazo ukaongezeka" ni sentensi inayoonyesha mtu anayeijua kemia, na mwalimu mzuri ataipa alama kuliko namba nzuri isiyo na maelezo. Atakayekuwa mfamasia au mpima maji kesho anaanza kuzoea ukweli au uongo hapa, kwenye namba ambayo bado haimuumizi mtu.

Ukweli huo huo unahusu vyombo. Ukivunja kitu, sema. Pipeti iliyovunjika ncha ikirudishwa kabatini kimya kimya itampotosha mwanafunzi wa wiki ijayo, naye hatajua kwa nini. Vipande vya kioo visiokotwe kwa vidole. Kemikali iliyobaki isirudishwe kwenye chupa yake, hata kama inaonekana safi, kwa kuwa ukiichafua umechafua majaribio ya shule nzima. Mabaki yenye risasi au fedha yasimwagwe kwenye sinki. Yatiwe kwenye chombo alichokitenga fundi wa maabara. Mwaka 2014 wananchi wa Tanzania walichangishwa fedha na nguvu kazi ili shule za kata zipate maabara za fizikia, kemia na baiolojia. Yawezekana meza unayoifuta ilitokana na mchango wa mama yako. Ifute vizuri, osha mikono kwa sabuni, ndipo uende kula.

Kama maabara yenu hufunguliwa mara chache, usikae kusubiri. Chemsha choya, ile rozela ya juisi, uchuje maji yake mekundu kabla ya kutia sukari. Weka siki kidogo kwenye glasi, tia vijiko viwili vya maji hayo. Kwenye bomba jipya la sindano, bila sindano yake, vuta maji ya magadi yaliyochujwa, uyadondoshe tone kwa tone huku ukizungusha glasi, hadi wekundu upotee. Soma mistari ya bomba, andika, rudia mara tatu, uone kama namba zako zinakaribiana. Mkono utazoea tone, jicho litazoea mstari. Kisha wewe na wenzako wawili watatu nendeni kwa mwalimu wa kemia, mumwombe kwa heshima awapangie siku ya kufungua maabara, hata kama ni Jumamosi, mkijitolea kuosha vyombo baada ya kazi. Mwombeni muhula huu, msingoje wiki ya mtihani.